Haba na Haba: Wema wa Marafiki katika Kitabu cha Aniceti Kitereza

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo imepita vinywani mwa watu wengi hata imekuwa kama pesa iliyosuguka: kila mtu huipokea na kuitoa, na ni wachache wanaoigeuza kutazama kilichochorwa juu yake. Anayeigeuza huona kuwa haikutaja ukubwa wa msaada. Haikusema rafiki ni yule aliyelipa deni lote, wala yule aliyemtoa mwenzake kifungoni. Ilisema akufaaye tu. Na kufaa huweza kuwa kata ya maji, kijinga cha moto, au kikao cha nusu saa barazani kwa mtu aliyefiwa.

Hapo ndipo ilipo kazi ngumu ya mtunzi. Wema mkubwa una tenzi zake, una mashujaa wake na farasi wao. Wema mdogo hauna utenzi. Haupigiwi ngoma, haufanani na tukio, na siku ya pili hata aliyeutenda huwa ameusahau. Mshairi anayetaka kuuimba huona beti zake zikigeuka mawaidha. Mwandishi wa riwaya huona kuwa unamchelewesha njiani anapoukimbilia mgogoro. Kwa sababu hiyo kazi nyingi za fasihi huutaja kwa sentensi moja na kupita.

Kipo kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho hakikupita. Nacho hakikutoka Lamu, wala Mombasa, wala Unguja, bali kisiwa cha maji baridi: Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Kitabu hicho ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza, kilichochapishwa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka 1980, kikiwa na kurasa zaidi ya 600. Makusudio ya makala haya ni kukisoma kitabu hicho kwa jicho moja tu: namna kinavyoyapa mambo madogo ya urafiki na ujirani uzito ambao fasihi kwa kawaida huwapa vita, mapenzi na kifo.

Kwa msomaji wa visiwani, Ukerewe ni ndugu na ni mgeni pia. Ni kisiwa, tena kikubwa kuliko vingine vyote katika ziwa lile. Bandari yake ni Nansio, na msafiri wa kawaida hukifikia kwa kupanda chombo Mwanza. Watu wake wanajua maana ya kungoja chombo, kuusoma upepo na kumlilia aliyechukuliwa na maji. Lakini maji yao ni ya kunywa, mitumbwi yao haikwenda Uarabuni, na Kiswahili kiliwafikia kwa njia ya biashara, shule na misheni. Hata hivyo kisiwa hicho kimekipa Kiswahili waandishi watatu ambao historia ya fasihi haiwezi kuwaruka: Kitereza mwenyewe, Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Uwike Usiwike Kutakucha, na Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 iliwagawa wapenzi wa ushairi kati ya vina na mashairi huru. Kwa wapenzi wa ushairi wa pwani, Kezilahabi ndiye anayejulikana zaidi, ingawa kwa kugombana naye. Kitereza, aliye mzee wao wote, pengine ndiye anayesomwa kidogo kuliko wote.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akaingia katika shule ya misheni ya Kagunguli kisiwani, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Hakuwa padre. Alirudi, akamwoa Anna Katura, na kwa miaka mingi akafanya kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara mjini Mwanza kabla ya kurejea kisiwani. Watoto wao hawakuishi, naye akabaki na mkewe huyo mmoja. Mhakiki makini hatasema kwamba Myombekere ni Kitereza. Lakini hatashangaa pia kuona kwamba mwandishi huyo alipotafuta kisa cha kubebea lugha na desturi za watu wake, alichagua kisa cha mke na mume waliokosa mtoto na waliokataa kuachana.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini nyumba yao haina mtoto. Jamaa za mume hawalivumilii jambo hilo. Wanamsema mke kwa maneno makali na kumtaka ndugu yao aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka, wakiona jinsi binti yao anavyodhalilishwa, wanamchukua na kumrudisha kwao. Myombekere hakubali kuachana naye. Anafunga safari kwenda ukweni kuomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anailipa, na mkewe anarudi. Baada ya matibabu ya mganga wanajaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali, na masimulizi yanaendelea hadi watoto wamekuwa watu wazima na wazee wamefika mwisho wa safari yao.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kile kilichoivunja nyumba. Hakukuwa na vita, wala njaa, wala mtemi dhalimu. Nyumba ilivunjwa na maneno: kijembe hapa, fumbo pale, jicho la pembeni wakati wa kula. Kila moja peke yake lilikuwa dogo mno kupelekwa barazani kwa wazee. Yote kwa pamoja yalitosha kumtoa mke kwa mumewe. Kitereza ameweka kipimo chake hapo mwanzoni kabisa. Ikiwa madogo yanaweza kubomoa, basi madogo yanaweza kujenga pia, na sehemu kubwa ya riwaya iliyobaki ni maelezo ya ujenzi huo. Anayeisoma akingoja tukio kubwa atachoka. Anayekikubali kipimo hicho ataona kuwa matukio yamejaa kila ukurasa.

Mfano ulio wazi ni faini yenyewe. Wakwe wangeweza kudai mbuzi au majembe, vitu ambavyo mtu huvitoa zizini au ghalani mwake peke yake. Walidai pombe. Sasa pombe ya ndizi, kwa watu wote wa kandokando ya ziwa, si kazi ya mtu mmoja. Ndizi hukatwa na kuivishwa, humenywa, hukamuliwa kwa majani mpaka zitoe maji yake. Maji hayo hutiwa unga wa nafaka iliyokaangwa, kisha huachwa yachachuke, na muda wake ukipita pombe huharibika. Nani ataazima chombo cha kukamulia? Nani atateka maji, kwa mtu asiye na mke nyumbani? Nani ataleta majani, na nani atajitwika vyombo hadi ukweni kabla pombe haijapoteza ladha? Adhabu hiyo, kwa hiyo, ni swali. Wakwe wanamwuliza mkwe wao kama ana watu. Mtu aliyeachwa na mkewe kwa sababu ya vinywa vya jamaa zake anatakiwa aoneshe kuwa karibu naye ipo pia mikono, si vinywa tu. Pombe inapofika ukweni, kinachofika pamoja nayo ni ushahidi wa majirani.

Humo ndani mna jibu kwa wale wanaouliza jinsi wema mdogo unavyoweza kuuinua moyo wa mtu. Haumwinui kwa kumwondolea shida. Myombekere bado hana mtoto wakati pombe inachachuka. Huzuni yake iko pale pale. Kinachobadilika ni upweke wake. Mwanamume anayeishi bila mke katika mji wa Kikerewe wa zamani ni mtu aliyekatwa nusu, kwa kuwa jiko, kisima na jiwe la kusagia si mahali pake kwa desturi, na kila mlo humkumbusha fedheha yake. Mtu akimjia na kumsaidia kazi bila kumwuliza kisa chake, fedheha hiyo hupungua uzito. Kitereza haelezi hisia hizo kwa maneno mengi ya moyoni, kama wafanyavyo waandishi wa riwaya za kisasa. Anaonesha mikono ikifanya kazi, chakula kikigawiwa, mgeni akisindikizwa hadi njiani. Moyo wa mhusika huonekana kwa yale anayopewa na yale anayoyarudisha.

Wapo waliokiona kitabu hiki kuwa ni hazina ya mila kuliko riwaya. Hoja yao haiwezi kupuuzwa. Kitereza aliandika akiogopa kwamba lugha na desturi za Wakerewe wa kabla ya kuja kwa Wazungu zingepotea, na hofu hiyo humfanya mara kwa mara kumwacha mhusika amesimama ili aeleze namna jambo fulani lilivyofanywa. Zipo kurasa ambamo desturi inazungumza na mtu amenyamaza. Maamkizi hayakatwi, mgeni akija, msomaji husikia salamu zote, na akirudi kesho yake, husikia zote tena. Msomaji aliyezoea riwaya fupi atatamani kuruka.

Hata hivyo, kasoro hiyo ina upande wake wa pili. Wema mdogo huishi kwa kurudiwa. Salamu iliyotolewa mara moja ni adabu. Salamu iliyotolewa kila asubuhi kwa miaka thelathini ni ukuta ambao mtu huuegemea. Riwaya inayofupisha salamu hizo kwa kusema "wakaamkiana" huhifadhi habari na kuupoteza ukuta. Mpenzi wa ushairi wa pwani anapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, kwa kuwa ushairi wake umejengwa juu ya marudio. Kibwagizo hakileti habari mpya kila ubeti unapofika mwisho. Hurudi kwa sababu kurudi kwenyewe ndiyo maana yake. Maamkizi ya Kitereza ni kibwagizo cha nathari. Asemaye yangekatwa aseme pia kwamba kituo cha shairi kingeandikwa mara moja tu.

Kosa lililo zito zaidi liko kwingine, nalo halina budi kutajwa. Wema katika kitabu hiki huzunguka ndani ya duara. Jirani humsaidia jirani, mkwe humkirimu mkwe, rafiki humfaa rafiki. Lakini kazi iliyo kubwa katika ukarimu huo, yaani kusaga, kupika, kuteka maji na kutandika, huangukia mikono ya wanawake, na shukrani nyingi hupokewa na wanaume walioketi. Bugonoka mwenyewe ndiye anayegombewa, na mashauri ya kumrudisha yanafanywa na wanaume mbele ya vyombo vya pombe. Mwandishi anampenda mhusika wake huyo. Anampa akili, upole na heshima. Hata hivyo hakuuliza kama desturi iliyomponya ni ile ile iliyomjeruhi, kwa kuwa iliuhesabu utu wake kwa tumbo la uzazi. Kuusifu wema wa marafiki bila kuliona hilo ni kusifu nusu ya habari.

Uzito wa swali hilo huonekana kitabu hiki kikiwekwa kando ya kingine kilichozaliwa kisiwani hapo hapo. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na sehemu ya kisa chake imewekwa Namagondo, kijiji cha Ukerewe alikozaliwa mwandishi. Huko nyumba ya Zakaria ina baba mlevi na mkali, na binti anayetoka kwenda kusoma akiwa hajawahi kufundishwa jinsi ya kuishi na watu nje ya hofu. Rosa anazungukwa na wengi: wapo wanaomtamani, wanaomwonya na wanaomhukumu. Wachache mno ni wale wanaomfaa bila kutaka kitu. Mwisho wake ni kujiua. Kati ya Myombekere na Rosa upo umbali wa zama nzima; majembe, misheni, kodi, shule na mshahara vimepita hapo. Kitereza anakumbuka kisiwa ambacho mtu aliyeanguka alikuwa na mikono ya kumshika. Kezilahabi anaonesha kisiwa ambacho mikono ile imegeuka macho ya kutazama. Anayesoma cha kwanza bila cha pili anaweza kuota. Anayesoma cha pili bila cha kwanza anaweza kukata tamaa. Vikisomwa pamoja, vinaonesha kwamba ujirani si tabia ya asili ya mahali, bali ni kazi inayofanywa au kuachwa.

Na kitabu cha Kitereza chenyewe kiliponea kwa kazi ya namna hiyo. Aliimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Padre Almas Simard, Mkanada wa Shirika la Mapadre Weupe, alikuwa amemtia moyo aandike, akaipenda kazi hiyo na kuanza kuigeuza kwa Kifaransa. Lakini alifariki kabla haijachapishwa. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika kisiwani Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, kwa utafiti wa historia na muziki wa Wakerewe. Wakamkuta mzee huyo na mswada wake, wakaanza kumtafutia mchapishaji, na mwaka 1972 wakaandika makala ya kumtambulisha kwa wasomi wa fasihi ya Afrika. Jibu lililorudi kutoka kwa wachapishaji lilikuwa kwamba wasomaji wa Kikerewe ni wachache mno. Ndipo Kitereza, aliyekwisha kupita umri wa miaka sabini, alipokaa na kukigeuza kitabu chote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa.

Msomaji wa pwani atafakari hapo. Kiswahili kile ambacho wengine wamekiona kizito, chenye harufu ya lugha nyingine chini yake, ni Kiswahili cha mzee aliyeinama juu ya karatasi ili kazi yake iwafikie watu ambao hawajui Kikerewe, yaani wao. Yeye ndiye aliyevuka. Kukipokea kitabu hicho kwa kuhesabu makosa ya upatanisho au kwa kucheka msamiati wa bara ni sawa na kumpokea mgeni aliyetembea usiku kucha kwa kumwuliza kwa nini viatu vyake vina vumbi.

Pwani nayo inao mfano wake wa kuikumbuka. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangekuwa yamepotea kwa sehemu kubwa kama si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu baada ya mshairi kufariki, akafanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne nzima baada ya zama za Muyaka. Beti moja kwa mzee huyu, beti nyingine kwa mzee yule: hiyo nayo ilikuwa haba na haba. Hakuna aliyemtungia Mwalimu Sikujua utenzi kwa kazi hiyo, lakini kila anayemsoma Muyaka leo ana deni kwake.

Hata hivyo, hadithi ya Kitereza haiishi kwa furaha iliyonyooka, na uaminifu unadai isiishie hapo. Kutoka mwaka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Kitabu kilipochapishwa, mwandishi alikuwa mzee mgonjwa; alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi. Marafiki walimfaa, wala hakuna ubishi. Lakini wema wa rafiki mmoja mmoja haukuweza kufanya kazi ya shirika la uchapishaji, ya chuo, wala ya nchi. Uliweza kumfanya mtu aendelee kuandika akijua kwamba yuko mmoja anayesubiri kusoma. Haukuweza kuiharakisha mashine. Wanaousifu wema mdogo kana kwamba ni dawa ya kila kitu wakumbuke miaka hiyo 35. Na wanaoudharau kwa kuwa haukutosha wakumbuke kwamba, bila huo, mswada ungebaki sandukuni Ukerewe ukiliwa na mchwa.

Baada ya hapo kitabu kimepata miguu. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani katika juzuu mbili miaka ya 1990, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwana wa kisiwa hicho hicho, akatoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kikerewe. Kila tafsiri ni mkono mwingine uliobeba chombo hatua nyingine kuelekea ukweni. Jambo la ajabu ni kwamba msomaji wa Berlin amekwisha kupelekewa mlangoni kitabu ambacho msomaji wa Unguja, mwenye lugha yake tayari, huenda hajakiomba.

Thamani ya riwaya ya Kitereza, basi, haiko katika kutufunulia kwamba watu wa kale walikuwa wema. Walikuwa na ndimi kali kama watu wa leo, na Bugonoka alizionja. Thamani yake iko katika subira ya kuhesabu: nani alileta nini, nani alikaa na nani, nani alisindikiza hadi wapi. Ni daftari la madeni ambayo hayadaiwi. Mtunzi aliyezika watoto wake na kungoja miaka 35 alijua kwamba mambo hayo hayamalizi msiba. Aliyaandika hata hivyo, moja baada ya jingine, bila haraka. Kata ya maji haikati kiu ya mwaka mzima. Humfikisha mtu kisimani.